Baada ya kuugua: namna ya kuupanga muda wako upya na kuanza kukua tena

Siku unayoruhusiwa kutoka hospitalini, au siku daktari anaposema vipimo viko sawa, watu wanakupongeza na wewe unaanza kuhesabu. Kazi zilizolala. Masomo yaliyokatika. Ahadi ulizoweka kabla hujaugua. Wengi huugeuza muda waliokuwa wagonjwa kuwa deni, kisha huanza kulilipa kwa nguvu ambazo hawana. Wiki mbili hazijaisha mtu amerudi kitandani, safari hii na hasira juu.

Msimamo wangu ni kwamba muda ule haulipwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Kilichopo ni nguvu ulizo nazo leo, na kazi ya kwanza ni kujua kiasi chake kabla ya kuzipangia lolote. Mwongozo huu unamhusu aliyemaliza matibabu na pia anayeendelea na dawa huku hali yake ikiwa imetulia. Hauchukui nafasi ya daktari. Pale ninaposema muulize, muulize kweli.

1. Nenda kliniki na maswali yaliyoandikwa

Ukikaa mbele ya daktari bila karatasi, utatoka na jibu la swali moja na mengine utayakumbuka ukiwa njiani. Andika haya:

- Nisifanye nini, na mpaka lini? Taja vitu kwa majina: kubeba mzigo, kupanda ngazi, kuendesha gari, tendo la ndoa.
- Dalili zipi nikiziona nirudi haraka?
- Kati ya dawa zangu, ipi inachosha, na inafaa kunywewa saa ngapi?
- Kwa ugonjwa kama wangu, uchovu huchukua muda gani kupungua?

Swali la tatu ndilo husahaulika zaidi. Wakati mwingine kinachokulaza mchana kutwa ni kidonge cha asubuhi, na daktari anaweza kukisogeza hadi usiku. Usikisogeze mwenyewe. Swali la nne litakusaidia na wale wanaokuambia fulani aliugua hivyohivyo na wiki iliyofuata alikuwa kazini. Na kama uchovu umepita kiasi, uliza kama kuna cha kupima: upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya shingo, usingizi mbovu na sonona vyote humchosha mtu, na vyote vina matibabu.

2. Kwa wiki mbili, andika tu

Usipange chochote kwanza. Chukua daftari, na kila siku andika ulichofanya, kilichukua dakika ngapi, ulijisikiaje ulipomaliza, na uliamkaje kesho yake. Kurasa za mtu anayeanza kupata nafuu zinaweza kusomeka hivi:

Jumanne: nimefua nguo chache nikiwa nimekaa, dakika 25. Baadaye: mgongo kidogo. Asubuhi iliyofuata: salama.

Jumatano: wageni, dakika 120. Baadaye: nimechangamka sana. Asubuhi iliyofuata: kichwa kizito, sikuamka mpaka saa nne.

Alhamisi: kuoga na kuosha nywele, dakika 40. Baadaye: nimelala papo hapo. Asubuhi iliyofuata: salama.

Tazama Jumatano. Ukimuuliza mtu huyu kinachomchosha, atakutajia kufua. Daftari linasema ni wageni. Alicheka nao, akasimulia, akasikiliza watu watatu kwa mpigo, na gharama yake ikaja kesho yake. Ndiyo maana safu ya asubuhi iliyofuata haiachwi. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye ugonjwa wa uchovu sugu au dalili za muda mrefu za UVIKO-19, kujichosha leo huonekana baada ya saa 12 hadi 48, na kunaweza kumlaza mtu siku kadhaa au hata wiki. Asiyeandika hawezi kuunganisha Alhamisi mbaya na Jumatano nzuri. Atadhani ugonjwa umeamka wenyewe.

Usishangae pia kuwa mdhaifu kuliko ulivyotarajia. Kulala kitandani peke yake hula misuli. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti mdogo wa wazee wenye afya njema waliokubali kulazwa kitandani siku 10 bila ugonjwa wowote. Walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Wewe ulilala ukiwa na homa, au maumivu, au bila hamu ya kula. Kutetemeka kwa magoti kwenye ngazi hakumaanishi kuwa umekuwa mvivu.

3. Panga siku kwa kufuata nguvu, si saa

Baada ya wiki mbili daftari litakuonyesha mambo mawili. La kwanza ni saa zako njema. Karibu kila mtu anazo, na kwa wengi ni asubuhi baada ya kifungua kinywa, ingawa wapo wanaochangamka jioni. La pili ni kiwango chako, yaani kazi unayoweza kuifanya hata siku mbaya bila kuamka na adhabu kesho yake. Panga wiki kwa kiwango hicho cha siku mbaya.

Hapa ndipo watu hubisha. Mbona kuna siku najisikia mzima kabisa? Ndiyo, na siku hiyo ndiyo ya hatari. Unaamka mwepesi, unafagia, unapanga kabati, unajibu ujumbe wote wa simu, unatoka kutembea, na jioni unajiambia umepona. Kesho hunyanyuki. Kesho kutwa unajikongoja. Siku ya nne unajisikia vizuri tena na mchezo unaanza upya. Ukijumlisha wiki nzima, umefanya kidogo kuliko mtu aliyefanya nusu yake kila siku. Siku nzuri ikija, fanya ulichopanga, ongeza kitu kimoja kidogo cha kukufurahisha, kisha acha. Inauma, najua.

Mambo matatu yanasaidia sana:

Pumzika kabla hujachoka. Ukisubiri mwili ukuambie, umechelewa. Kama kiwango chako ni dakika 20, weka kengele ya dakika 15. Na kupumzika maana yake kujilaza au kukaa kimya. Kuperuzi simu ni kazi ya macho na ya kichwa.

Vunja kazi vipandevipande. Kufua kunaweza kuwa kuloweka leo asubuhi, kusuuza mchana, na kuanika ukiwa na mtu wa kukushikia ndoo. Kuandika barua ya maombi kunaweza kuwa siku tatu: leo pointi, kesho rasimu, keshokutwa kusahihisha. Fanya ukiwa umekaa kila kinachowezekana kufanywa hivyo.

Jipime kwa kuongea. Ukitembea na bado unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, mwendo ni wa wastani. Ukianza kutoa neno mojamoja, umezidisha.

Vipi kuhusu kuongeza? Kwa magonjwa mengi, ukiona wiki nzima imepita bila asubuhi mbaya, unaweza kuongeza kidogo, dakika chache kwenye jambo moja, na kusubiri tena wiki. Lakini kama umegundua kwamba kila ukijisukuma unaanguka kesho yake, usifuate ratiba ya kuongeza mazoezi kwa lazima. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliacha mwaka 2021 kuupendekeza mtindo huo kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu. Jambo hili ni la kujadili na daktari au mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa sababu aliyetoka kwenye upasuaji wa moyo na mwenye uchovu sugu hawapewi ushauri mmoja.

4. Punguza kabla ya kuongeza

Hakuna nafasi ya jambo jipya kwenye maisha yaliyojaa. Andika majukumu yote uliyokuwa nayo kabla ya kuugua, hata yale madogo: kikundi ulichokuwa katibu wake, mtu uliyezoea kumsindikiza, michango ya kufuatilia, salamu za kila asubuhi kwenye makundi matano ya simu. Kisha pembeni ya kila moja andika narudi, nakabidhi, naahirisha, au naacha.

Utagundua kwamba ulipokuwa mgonjwa baadhi ya mambo yalijiendea bila wewe. Mengine yalikufa na hakuna aliyeyalilia. Hiyo ni taarifa ya bure, itumie. Laura Carstensen, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford, amekuwa akieleza kwa miaka mingi kwamba mtu anapouona muda wake kuwa si wa kudumu huchagua watu wachache walio karibu naye na mambo yenye maana kwake. Tafiti zimeonyesha hivyo kwa wazee, na pia kwa vijana waliougua sana. Kwa hiyo usijione umekuwa mchoyo ukikuta huna hamu tena ya nusu ya shughuli za zamani.

Kuwa mkali zaidi kwenye "narudi". Yakizidi matatu, yapitie tena.

5. Chagua jambo moja la kukua nalo

Sasa ndiyo tunafika kwenye maendeleo binafsi, na naomba nianze kwa kumpa mtu ruhusa ya kuruka hatua hii. Watu wengi wanapenda kumwambia aliyeugua kwamba ugonjwa ulikuja kumfundisha. Kama hukujifunza kitu, huna kosa. Wanasaikolojia Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walioanza kuandika katika miaka ya 1990 kuhusu kukua baada ya msukosuko, hawakusema mateso ni mazuri. Walisema kukua hutokana na jitihada za mtu kupambana na yaliyompata, na kwamba maumivu na ukuaji vinaweza kukaa pamoja ndani ya mtu mmoja. Maeneo waliyoyaona ni matano: kuthamini maisha, uhusiano na watu, kujiona una nguvu kuliko ulivyodhani, milango mipya, na mambo ya roho au imani.

Orodha hiyo inafaa kutumika kama maswali. Ni lipi kati ya matano hayo limeguswa kwako? Aliyegundua nani alimjali anaweza kuchagua kujenga uhusiano mmoja uliozorota. Aliyeona mlango mpya anaweza kujifunza ufundi, lugha, hesabu za biashara, ushonaji. Chagua moja tu.

Henri Matisse alikuwa karani katika ofisi ya sheria nchini Ufaransa. Akiwa na miaka ishirini hivi akaugua kidole tumbo, na wakati akijiuguza mama yake akamletea kisanduku cha rangi ajipumbaze. Akawa mchoraji. Mwaka 1941, akiwa na miaka zaidi ya 70, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa saratani ya tumbo, na baada ya hapo kusimama muda mrefu mbele ya turubai kukawa taabu. Akashika mkasi. Wasaidizi walimpakia karatasi rangi, yeye akakata maumbo akiwa kwenye kiti cha magurudumu au kitandani, na kazi hizo za karatasi ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi katika maisha yake yote. Wengi hukisimulia kisa hiki kama cha ujasiri. Mimi kinanifunza jambo la kawaida zaidi: alibadilisha kifaa ili kazi ilingane na mwili aliokuwa nao, na hakuona haya kuwaomba wengine wampakie rangi. Jiulize hivyohivyo kuhusu jambo lako. Kama macho yanachoka kusoma, je, linasikilizika? Kama huwezi kukaa darasani, je, lina masomo ya kurekodiwa? Kama mikono inatetemeka, nani atakukatia kitambaa?

Kisha lifanye dogo mpaka liwe karibu na mzaha. Dakika 10, au ukurasa mmoja. Lifunge kwenye kitu ambacho tayari unakifanya kila siku, kwa sentensi yenye umbo hili: nikishakunywa dawa ya asubuhi, nitakaa kwenye kiti cha dirishani na kusoma ukurasa mmoja. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba mpango wenye "nikishafanya hiki, nitafanya kile" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu ya "nitasoma zaidi". Kwa mtu anayepona una faida ya ziada: haukutegemei uamke na hamasa.

Na usijipe siku 21, zile ambazo watu husema zinatosha kujenga tabia mpya. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London ulifuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. La muhimu kwako ni hili: kuikosa siku moja hakukuharibu mchakato kwa kiasi cha maana. Utakosa siku. Mwili wako bado unakatiza mambo. Endelea tu ulipoishia, bila kufidia.

6. Ikiwa kichwa ndicho kizito

Waliolazwa kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, waliopata tiba ya saratani na waliougua maambukizi makali mara nyingi husahau, hukosa neno, au husoma aya moja mara tatu. Inaweza kudumu miezi. Weka kila kitu nje ya kichwa: kalenda moja, orodha moja, mahali pamoja pa funguo na miwani. Kazi ya kufikiri ipewe saa njema, na moja kwa wakati. Sahihi, mikataba na maamuzi ya fedha nyingi yasubiri, au yasomwe na mtu mwingine unayemwamini kabla hujatia kalamu.

7. Waambie watu kwa maneno yaliyo tayari

Nguvu nyingi hupotea kwa kujieleza. Andaa sentensi mbili tatu na uzirudie bila kuzipamba. Kwa mgeni: "Shangazi, nimefurahi umekuja. Nitakaa nawe nusu saa halafu nitajilaza, usinione vibaya." Kwa anayeuliza umepona: "Naendelea vizuri, bado najikongoja." Jibu hilo ni la kweli, na halifungui mjadala wa saa nzima.

Kazini, usiende na malalamiko wala usiende na ujasiri wa uongo. Nenda na pendekezo lililoandikwa: nitaanza kwa saa chache au siku chache za wiki, majukumu haya naweza kuyabeba sasa, haya bado, na tutakaa tena baada ya wiki nne. Ambatisha barua ya daktari. Mwajiri akiona tarehe ya kulitazama jambo upya, inakuwa rahisi kwake kukubali kuliko akisikia "mpaka nitakapopata nguvu". Huna haja ya kumsimulia ugonjwa wenyewe. Mwambie unachoweza na usichoweza kufanya.

Halafu kuna aliyekuuguza. Naye amechoka, naye ana mambo yaliyolala, na huenda hajaulizwa na mtu. Moja kati ya "narudi" zako tatu inaweza kuwa kumrudishia yeye asubuhi moja ya wiki.

8. Hofu ya kuugua tena

Inakuja, hasa siku zinazotangulia kipimo. Kikohozi kidogo kinakukosesha usingizi. Usiipangie mambo makubwa wiki ya kipimo. Jaza siku hizo kwa kazi za mikono na watu wasio na maswali mengi. Kabla ya hapo kubaliana na daktari kuhusu dalili zinazohitaji simu na zile za kusubiri siku tatu, uziandike, na uziweke mahali unapoziona. Hofu ikija usiku, soma karatasi hiyo. Kama dalili haimo, ahirisha hadi asubuhi.

Wengine husaidiwa na kuandika. Katika miaka ya 1980 James Pennebaker aliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike yale mazito yaliyowapata. Tafiti nyingi zilifuata, na faida iliyoonekana kwa jumla ni ndogo na haimpati kila mtu. Jaribu siku hizo nne. Ukiona unazidi kuzama, acha. Na kama huzuni imekaa wiki mbili bila kuondoka, hufurahii chochote, au mawazo ya kujidhuru yamekuja, hilo ni la mhudumu wa afya. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri miadi, tafuta msaada siku hiyohiyo.

9. Siku ukirudi nyuma

Andaa mpango huu ukiwa mzima, kwa sababu ukizidiwa hutaweza kufikiri. Ukiamka vibaya, punguza kila kitu hadi nusu kwa siku tatu. Baki na dawa, maji, chakula, kuoga ukiweza. Jambo lako la kukua lipunguzwe hadi dakika moja au lisimame kabisa. Mtu mmoja aliyekwishaombwa mapema anapokea simu zako. Siku ya nne anza tena chini kidogo ya kiwango chako cha zamani, usianzie pale ulipoangukia. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuzimia, kutokwa damu, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja, au homa kwa mtu aliye kwenye tiba inayoshusha kinga, hayo hayana mpango wa siku tatu. Nenda hospitali.

Kila baada ya wiki nne fungua ukurasa wa kwanza wa daftari na uulinganishe na wa jana. Chagua kitu kimoja cha kuongeza au kimoja cha kutoa. Ukikuta hakuna kilichosogea, au kiwango kinashuka, peleka daftari lenyewe kliniki. Fungua kurasa mbili, ya zamani na ya sasa, uziweke mezani mbele ya daktari kabla hajakuuliza unaendeleaje.